Mahali Mama Feza Alipopumua

Nakumbuka mchana mmoja wa arusi hapa Kalemie, mwanangu, nikiwa na miaka ishirini na mitatu. Nilikuwa mpiga tromboni pekee katika bendi yetu ya jazi, na niliamini watu huja kunisikiliza mimi. Debe tupu haliachi kuvuma.

Mama Feza, mwimbaji wetu, alikuwa ametunga wimbo kwa ajili ya mama wa bibi arusi, mjane aliyemlea binti yake peke yake. Ubeti wa mwisho ulimtaja marehemu mumewe. Mimi nikauingilia kabla haujaanza. Nikavuta mrija wa tromboni, nikapuliza kwa nguvu zote. Vijana wakashangilia, nami nikazidi. Mama Feza akanyamaza. Wimbo ukaisha bila lile jina.

Papa Mulongo, kiongozi wetu aliyenifundisha tangu noti ya kwanza, hakunikaripia mbele za watu. Kesho yake mazoezini alichomoa kile kipande cha tromboni kinachowekwa mdomoni, akakitia mfukoni.

"Papa, sasa nitapiga na nini?"

"Na masikio. Kila mazoezi ukuje, ukamate chombo chako, usikilize. Siku utaniambia Mama Feza anapumua wapi, njo ile siku nitakurudishia hiki kipande."

Nilifura kwa hasira. Bendi moja ya Lubumbashi ilikuwa ikinitaka, nami nikafunga mzigo wangu. Lakini kupanda mchongoma, kushuka ndio ngoma: nilijua nikiondoka vile nitabaki mtu wa kelele maisha yote. Nikaufungua mzigo.

Wiki ya kwanza nilisikia aibu tu. Ya pili nikaanza kusikia besi. Ya nne nikamwendea Papa Mulongo. "Hapumui mwisho wa mstari kama wengine. Anaiba pumzi katikati, gitaa linapogeuza sauti."

Alicheka, akatoa kile kipande mfukoni. "Basi pale njo mulango yako. Ingia."

Jumapili ile tulikwenda kwa yule mjane, tukampigia wimbo wake wote. Niliweka noti tatu tu, katika pumzi za Mama Feza. Mjane akanishika mkono, macho yamelowa. "Leo nimesikia jina la bwana yangu."

Tangu hapo nimepiga Lubumbashi, Kigoma, Bujumbura, na sijisifu bure nikikuambia kwamba waimbaji wakubwa waliniita kwa jina langu. Walisema nikiwa nyuma yao hawaogopi.

Kwa hiyo, mwanangu, kipaji chako usikifiche, wala usikionee haya. Pakihitajika sauti, ipulize mpaka mabati yatikisike. Ila jua kwanza mwenzako anapumua wapi, umwachie nafasi aseme lake. Na mkubwa akikunyang'anya kitu ili ujifunze, kaa. Usikimbilie mji mwingine na ujinga ule ule.

Mungu akupe pumzi ndefu, na akujalie wenzako wa kupumua nao.