Kache Ajichagulia Msimamizi

Kache wa Sabaki alikuwa mjane mwenye ulimi mkali na shamba zuri karibu na mto. Mwaka wa 1986 aliinjika chungu cha kunde, akaenda kumtazama mbuzi aliyekuwa akizaa, akasahau. Jiko la makuti likateketea lote. Mwanawe Kitsao, karani wa hoteli moja huko Kikambala, alipofika na kumkuta akicheka, aliamua kwamba mamake hana akili tena.

Akaenda kwa wakili Mombasa, akaomba mahakama imfanye yeye msimamizi wa mama na mali yake. Hofu yake ilikuwa ya kweli. Ni kweli pia kwamba Mtaliano mmoja alilitaka shamba lile ajenge nyumba za wageni, na Kache alikuwa amemfukuza kwa mwiko wa kusongea ugali.

Mahakamani, wakili aliueleza mwiko ule kama dalili ya ugonjwa. Akaongeza kwamba Kache huwaita mbuzi wake kwa majina ya wazee wa ukoo. Kache akainua mkono, akasahihisha: ni wale mabeberu wakaidi tu. Watu wakacheka, na jaji akafuta miwani yake kwa muda mrefu.

Kisha akamuuliza mama leo ni siku gani.

"Siku ya kusumbua wajane," akajibu Kache.

Jaji akarudia swali taratibu. Kache akatazama viganja vyake. Hakujua. Kitsao akainamisha kichwa.

"Nasahau, bwana," Kache akasema. "Siku zanipita, na moto pia. Nataka mtu wa kunikumbusha. Sitaki mtu wa kunisahaulisha kwamba shamba ni langu."

Jaji akauliza angemtaka nani. Kache akawakagua waliohudhuria kama anayechagua kuku sokoni, kisha akamwonyesha Dorcas, mke wa Kitsao, aliyeletwa kutoa ushahidi upande wa mumewe.

"Huyu hunipikia uji hata akinikasirikia," akaeleza.

Dorcas akakubali bila kumtazama mumewe. Jaji akaamua kwamba kusahau hakumwondolei mtu haki ya kuamua: Dorcas amtunze, na shamba lisiguswe bila kauli ya Kache mwenyewe.

Kitsao alinuna mwezi mzima. Mtaliano alipomrudia, ilimbidi Kitsao apeleke ombi kwa mkewe, naye Dorcas akamjibu kwa adabu kwamba yeye na mama watashauriana. Mashauriano hayo yalichukua miaka, na vicheko vyao wawili vilisikika hadi barabarani.