Mpangaji Aliyehama na Ufunguo

Yule mkuu wa karakana sijamsamehe, na nikifa mnizike na kinyongo changu. Alimwita mkwe wangu mzigo mbele ya wenzake. Mkwe huyu ndiye anayenikata kucha za miguu bila kukunja uso. Wanangu wa kuzaa wakiiona hii miguu wanakumbuka safari.

Kazi yake alinieleza siku moja akizikata. Wanaunda mashine za hospitali, zile za kumwangalia mtoto tumboni. Kila kifaa cha mashine kina programu inayokiendesha, na programu hiyo huomba nafasi kwenye kumbukumbu ya mashine. Basi zilikuwa zinaomba hovyo, nipe nafasi, zikapewa hata mahali ambapo kifaa chenyewe hakifiki. Na nesi akichomoa kile kidude cha kupitisha tumboni, akachomeka kingine, nafasi ya kile cha kwanza inabaki imeshikwa. Mpangaji kahama na ufunguo. Chomoa, chomeka, vyumba vimekwisha, mashine imeganda, na mama wa watu kalala pale tumbo wazi.

Mkwe wangu akapanga utaratibu mpya wa kuomba. Programu itaje kwanza inaombea kifaa gani, ipewe pale kifaa kinapofika. Kikichomolewa, nafasi zake zote zirudi zenyewe. Mkuu akasema huko ni kulea watu wazima, kila mtu akumbuke kurudisha chake. Akautupilia mbali. Mashine zilipoganda hospitalini, lawama akambebesha yeye, akamwambia aanze kutafuta kazi kwingine.

Alirudi nyumbani akaosha vyombo vilivyokwisha oshwa. Mwanangu, mumewe, nikamkanya asimletee pole za kijinga.

Namshukuru Mungu, na nyuma ya Mungu namshukuru fundi wa nyaya, mtu wa meno machache na maneno machache zaidi. Yeye mashine ya mezani kwake aliiacha na ule utaratibu wa mkwe wangu, hakuufuta. Siku watu wa hospitali walipokuja kurudisha mashine zao, akamwita nesi wao mkuu, akamwambia achomoe na kuchomeka mpaka achoke. Ile waliyoileta ikaganda. Ya mezani ikaendelea kuonyesha picha kama haijaguswa.

Nesi akamgeukia mkuu. "Hii kaipanga nani?"

Fundi akanyoosha bisibisi kwa mkwe wangu.

"Ni huyu mzigo wetu, dada."

Watu wakacheka, kicheko cha siku nyingi. Mkuu akaona hana pa kupita.

"Nilimkosea," akasema, mbele ya wale wale. "Utaratibu utumike wa kwake. Na yeye haendi popote."

Jioni mkwe wangu alinisimulia, mguu wangu mapajani mwake, akicheka mpaka wembe ukateleza ukanichanja kidole. Damu ilitoka. Mimi, ninayegomba hata chai ikipoa, nikamwambia: "Kata na huu mwingine, mama."