Mafuta Yake Mwenyewe

Nilimwahidi dada yangu kwamba katika kikao kile nisingefungua mdomo. Aliniomba ahadi hiyo asubuhi, tukiwa dukani kwake Nyamongo, yeye akitundika magauni mlangoni na mimi nikimweleza hoja nilizokwisha kuzipanga kichwani.

"Usihutubie," alisema. "Ukianza tu na 'ndugu wajumbe', mimi natoka."

"Nani atakutetea?"

"Kwani mimi bubu? Kaa, kunywa chai, nyamaza. Niahidi."

"Nimeahidi."

"Sema vizuri."

"Nakuahidi, dada. Nitanyamaza."

Anayenifahamu ataelewa ugumu wa ahadi hiyo. Nina shahada ya maendeleo ya jamii, najitolea kufundisha Uraia katika shule ya sekondari kule kwetu Itiryo, na sijawahi kukutana na dhuluma nikashindwa kuitolea maelezo. Dada yangu alinijua. Ndiyo maana alinifunga mdomo mapema, kabla hatujapanda bodaboda.

Kikao kilihusu matiti yake. Nalitaja jambo lenyewe waziwazi kwa sababu waliokiitisha hawakuthubutu kulitaja. Walituma ujumbe kwamba wanakuja kuzungumzia "lile suala", kana kwamba ni mpaka wa shamba.

Dada yangu alikuwa na mchumba, dereva wa mitambo mizito, mwenyeji wa Kisaka, ng'ambo ya Mto Mara. Alikuwa kijana mchangamfu, mwenye simu kubwa na utani mwingi. Mmojawapo wa utani wake, alioupenda kiasi cha kuurudia mbele ya wateja dukani, ulikuwa huu: "Nikimkumbatia huyu najisikia kama nimemkumbatia mura mwenzangu." Mura ndivyo tunavyomwita kijana wa kiume huku kwetu. Wateja walicheka. Dada yangu naye alicheka, akaendelea kukunja nguo. Niliyaona haya zaidi ya mara moja na sikudhani kwamba yalikuwa yakiingia mahali.

Siku aliponiambia anakwenda Nairobi kuhamishiwa mafuta kutoka mapajani kwenda kifuani, nilifanya alichotarajia: nilihutubia. Nilisema kuhusu biashara inayotengeneza aibu kisha ikauza dawa ya aibu hiyo. Nilisema mwili wake haukuwa na ugonjwa. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Umemaliza?"

"Nimemaliza."

"Wanataka ndugu wa kuongozana nami. Utakuja au nimtafute mwingine?"

Mchumba alitusindikiza mpaka stendi. Alijua tunakokwenda na tunachokwenda kufanya. Alimbebea begi, akamwambia, "Waambie wasibane matumizi," akacheka tena. Naomba jambo hili likumbukwe, maana baadaye yeye mwenyewe alilisahau.

Tulivuka mpaka pale Sirari. Kliniki ilikuwa ghorofani, safi kupita hospitali yoyote niliyowahi kuingia, na ilinuka maua ambayo sikuyaona popote. Nilipomuuliza dada wa mapokezi mgonjwa wetu atalazwa chumba gani, alinisahihisha kwa upole.

"Hapa hatusemi mgonjwa, kaka. Tunasema mteja."

"Lakini atachomwa sindano ya usingizi."

"Ee. Mteja anachomwa, analala, anaamka akiwa poa. Wewe ndiye bwanake?"

"Mimi ni mdogo wake."

"Sawa. Basi usiwe na wasiwasi, atatoka hapa akiwa fiti."

Hospitali isiyo na wagonjwa. Niliketi nikitazama picha zilizopangwa ukutani, za wanawake kabla na baada. Zote zilikuwa zimekatwa shingoni. Hakuna hata mmoja aliyekuwa na uso. Kulikuwa na vifua tu, vikiwa viwili viwili, kile cha huzuni kushoto na kile cha furaha kulia. Niliudharau ukuta ule kwa moyo wangu wote, na bado naudharau.

Daktari alieleza kazi yake kama fundi anayeeleza bomba: angefyonza mafuta mapajani na tumboni kwa mrija mwembamba, angeyachuja, kisha angeyadunga kifuani kidogo kidogo kwa sindano. Sehemu ya mafuta, alisema, mwili ungeyanyonya wenyewe, na hakuna awezaye kutabiri ni kiasi gani. Akiridhika, vizuri. Asiporidhika, anaweza kurudi. Hilo la kurudi alilisema kwa tabasamu zaidi kuliko mengine yote.

Dada yangu alitoka akiwa na michubuko ya zambarau mapajani, amevalishwa nguo ya kubana kuanzia kiunoni hadi magotini, asiweze kukaa wala kusimama bila kukunja uso. Walimkataza kulalia tumbo, kunyanyua kitu kizito, na kubanwa kifua mpaka apone. Kwenye basi la kurudi nilimuuliza kama anajuta.

"Miguu inauma," alisema. "Kujuta nitakwambia ikiacha kuuma."

Miguu ikaacha kuuma, na hakujuta. Kifua chake kiliongezeka kwa kiasi ambacho mtu asiyeambiwa asingekitambua. Kwa maumivu yale yote, mimi niliona ni kichekesho. Yeye alijitazama kwenye kioo cha dukani, akageuka upande, akasema, "Panatosha." Sikuwa na hoja ya kupingana na neno hilo, ingawa niliitafuta.

Akiwa bado anauguza, mahari ikaletwa. Ng'ombe walifika Itiryo kwa lori, wakiongozwa na baba mkubwa wa mchumba, mzee mwenye fimbo na sauti ya mnadani. Kati yao alikuwepo mmoja wa kahawia mwenye doa jeupe usoni, kiwele kimejaa mpaka anatembea kwa kutanua miguu, chuchu zikidondosha maziwa njiani. Mzee alimpiga kofi la kiunoni. "Huyu si ng'ombe," alisema. "Huyu ni bomba la maji."

Jioni hiyo mama alimkamua, akajaza ndoo. Asubuhi alipata kikombe. Jioni iliyofuata, kikombe. Hakuna mfugaji asiyejua mchezo huo: unamtenga ndama, unamwacha ng'ombe bila kumkamua tangu jana yake, na anayempokea anaona kiwele cha ajabu ambacho kitanywea kesho. Baba aliguna. Mama akasema, "Nyamazeni, hao sasa ni wakwe." Tukanyamaza. Na niseme bayana kwamba ng'ombe hao walikuwa wamekusudiwa kuniozea mimi, kwa kuwa kwetu mahari ya dada ndiyo mahari ya kaka yake. Niliwahi kuusema vibaya utaratibu huo darasani. Hata hivyo, jioni nilikuwa nikienda zizini kuwatazama.

Mambo yalitibuka dada yangu alipokwenda Kisaka kuwasalimia wakwe. Bibi arusi mtarajiwa akifika kwa wakwe hutarajiwa kuchota maji na kutwanga. Alikataa kunyanyua ndoo. Akaukataa mchi pia. Wifi zake wakaanza kunong'ona kwamba ni mimba ya mtu mwingine, au kifua kikuu. Naye, kwa kuwa hapendi kusemwa kwa uongo, alimwita mama mkwe pembeni akamweleza ukweli wote. Kufikia jioni ukweli huo ulikuwa umemfikia baba mkubwa, na baba mkubwa akaagiza kikao.

Walikuja wanne: baba mkubwa, wazee wawili na mchumba. Tuliketi uani kwetu, kwenye viti vya plastiki, karibu na zizi. Niliwaamkia shikamoo, wakaitikia marahaba, kisha nikakaa na kikombe changu cha chai kama nilivyoahidi. Dada yangu alikaa karibu na mama. Wazee waliyakwepa macho yake. Kila mmoja kwa zamu alimtazama kifuani, kwa haraka, kama mtu anayekagua gurudumu la baiskeli ya mwenzake.

"Sisi tuliposa binti," baba mkubwa alianza. "Tukaleta ng'ombe wa binti. Sasa tunasikia binti amekwenda kwa watu kuongezwa. Mwili aliopewa na Mungu ameuchezea kwa kisu. Mtu akipokea kitu akakuta kimeongezwa, anafanya nini? Anamrudia mwenyewe aliyekitoa."

Niliuma ulimi. Mzee huyo, msimu wa kukeketa mabinti unapokaribia, ni miongoni mwa wanaosimama kusema kwamba serikali iache mila za watu. Kisu hakimtishi. Kinachomtisha ni kisu kilichoshikwa kwa ridhaa ya mwanamke mwenyewe. Sentensi hiyo ilikuwa tayari mdomoni mwangu, imenyooka, na niliimeza pamoja na chai.

"Mnataka nini?" baba aliuliza.

"Hatutaki ugomvi. Ndoa iendelee. Lakini ng'ombe mmoja arudi, kufidia udanganyifu."

"Yupi?"

"Yule wa kahawia."

Dada yangu akainua uso. "Mwenye doa jeupe?"

"Huyo. Ana maziwa."

"Alikuwa nayo siku mliyomleta, baba mkubwa. Kesho yake alitoa kikombe. Tangu hapo ni kikombe." Alisema taratibu, kwa heshima, mikono mapajani. "Kiwele kile alikiongeza nani?"

Mmoja wa wale wazee alikohoa, lakini kikohozi kilimtoroka kikawa kicheko, na akalazimika kujifuta macho kwa ukingo wa koti. Baba mkubwa alimtazama mpaka akatulia.

"Mambo ya ng'ombe ni mambo mengine," alisema.

"Ni wewe uliyeanza kunilinganisha. Mimi mafuta yangu yametoka kwenye mapaja yangu, sikuazima kwa mtu. Na sikumficha mtu. Huyu hapa alijua kabla sijaenda, na ndiye aliyenibebea begi mpaka stendi. Muulizeni."

Wote tukamgeukia mchumba. Alikuwa ameinamia ile simu yake kubwa, kidole kikipandisha na kushusha kioo kisicho na kitu. Alihitaji kusema neno moja tu: kweli. Sisemi alihitaji ushujaa. Alihitaji kukumbuka begi.

"Hayo ni mambo ya wazee," alisema. "Mimi siwezi kuingilia."

Nilimtazama dada yangu nikitegemea machozi. Alikuwa akimtazama kijana yule jinsi anavyotazama kitambaa kilichochuja rangi baada ya kufuliwa mara ya kwanza: bila hasira, akijua tu kwamba hatakiagiza tena.

"Basi arudi huyo wa kahawia," alisema. "Na wenzake wote."

Baba mkubwa alicheka kidogo. "Binti hana kauli juu ya ng'ombe. Mzee, mwambie mwanao."

Baba aliweka kikombe chake chini. Si mtu wa maneno, wala si mtu wa haki za binadamu. Akikaa na mimi jioni huniambia chuo kimenipotezea miaka. Lakini mfugaji asiye mwaminifu alikuwa amekuja nyumbani kwake kumwita mwongo, tena akimdai ng'ombe ambaye yeye baba alikubali kumnyamazia.

"Umemsikia," alisema.

Ng'ombe tuliwarudisha kwa lori, mimi nikiwa nimesimama nyuma pamoja nao, nimeshika mbao. Alfajiri mama alikuwa amewakamua wote, mmoja baada ya mwingine, mpaka tone la mwisho. Tulivuka Mto Mara na kuingia Kisaka wakati watu wamejaa barabarani, tukawashusha mchana kweupe. Yule wa kahawia alitangulia, kiwele kimenywea kama mfuko mtupu, akatembea taratibu mbele ya majirani wote waliomwona akiondoka akiwa amejaa. Baba mkubwa alifungua zizi bila kututazama.

Nilirudi nikiwa nimesimama kwenye lori tupu. Binti niliyetarajia kumuoa alinisubiri, na bado ananisubiri, na wazazi wake wameanza kuuliza ng'ombe watatoka wapi. Siwezi kujifanya kwamba swali hilo ni jepesi. Ila sijawahi kutamani kwamba lori lile lirudi likiwa limejaa.

Msimamo wangu kuhusu upasuaji wenyewe haujabadilika. Bado nauona ni ujinga uliovaa koti jeupe, na ningekuwa na uwezo ningeng'oa picha zile ukutani moja baada ya nyingine. Nimemwambia dada yangu hivyo, naye amenijibu kwamba hakuomba nikubali, aliomba ninyamaze siku moja, na nilinyamaza. Wala simtukuzi. Alikwenda kujibu utani wa kijana asiyestahili kujibiwa. Lakini kati ya wote waliokaa uani kwetu siku ile, ni yeye peke yake aliyesema mwili wake ulivyo na ulivyokuwa.

Duka bado lipo. Habari zilimtangulia kurudi Nyamongo, na sasa huja watu wasionunua kitu. Huingia, hushika gauni, huuliza bei huku macho yakishuka, kisha hutoka wakisukumana mabega. Wanawake hufanya hivyo sawa na wanaume, na walimu sawa na wachimbaji wa dhahabu. Dada yangu huwatajia bei na kusubiri, akiwatazama usoni, na wengi wao hawajui uso huo ukoje.

Kwa hiyo nina ombi moja, ndugu msomaji. Ukiingia dukani kwake, au kwa mwanamke mwingine yeyote ambaye umesikia habari kama hizi juu yake, mwamkie, na mtazame usoni.