Nati Zilizofungwa Tukiwa Ndani

Kila ninaponusa sabuni ya kipande karibu na mpira mpya, namwona mama yangu amelala chali chini ya pikapu yetu kuukuu, pale nyumbani pembeni mwa Eldoret. Miguu tu ndiyo iliyoonekana, na soksi moja ilikuwa imetoboka.

Pikapu ile ilikuwa na kelele zake. Kila shimo, ngo! ngo! Aliyeumia zaidi ni Kogo, mama yake baba, ambaye kiuno chake hakikutaka mchezo. Dada yake alikuwa mgonjwa kitandani huko Moi's Bridge, na Kogo alitamani sana kumwona, lakini tulipojaribu kumpeleka ilibidi tugeuze njiani. Alikuwa akilia. Sikuwa nimewahi kuona mtu mzima akilizwa na barabara.

"Ni bushi zimeisha," mama akasema.

Zile raba za kwenye maungio ya magurudumu zilikuwa zimepasuka, chuma kikawa kinagonga chuma. Mama alinunua mpya, akang'oa za zamani huku akinung'unika maneno ambayo hakuyatumia kanisani. Mpya akazipaka maji ya sabuni ziteleze, maana oili huharibu raba, kisha akazibana kwa vaisi, kile chuma cha kubania, mpaka zikaingia.

Alipozirudisha, akalishusha gari kwenye magurudumu, nati zikiwa bado zimelegea. Akaita, "Pandeni wote!"

Nilikimbia kuvaa viatu vya Jumapili. Kaka zangu wakapakia magunia ya mahindi, Kogo akakaa mbele na kitambaa chake kipya kichwani. Tukangoja. Gari halikwenda popote. Mama akaingia tena chini na spana.

"Mathe, kwani hatuendi?" nikauliza.

"Kaeni tu hapo. Kogo, usishuke, hii nakufungia wewe."

Nilinuna kweli. Viatu vile vyote, na safari hakuna!

Jumamosi ndipo tulipokwenda. Kabla ya kufika Soy, Kogo alikuwa anakoroma. Alimkuta dada yake akiwa macho, wakashikana mikono hadi jioni, wakicheka mambo ya usichana wao.

Nilikuja kuelewa nilipokuwa na gari langu kuukuu, fundi akanifungia bushi gari likining'inia kwenye jeki. Liliposhuka, raba zikajisokota, na hazikukaa sana zikapasuka. Nikamkumbuka mama, nikamvulia kofia. Siku ile nilidhani anamtania Kogo. Kumbe alikuwa anakaza nati uzito wa Kogo na wetu sote ukiwa ndani ya gari, raba zisijisokote baadaye, ili zimzoee yeye kabla ya barabara.