Samaki Waliotunyamazisha

Mwaka mmoja baada ya Kombe la Dunia nilikuwa mlinzi wa magari mbele ya maduka ya Barabara ya Umbilo, mjini Durban. Ni kazi ya kusimama tu, na mtu aliyezoea kusimama kanisani haimchoshi sana. Mvua ilipozidi, mwenye duka la samaki wa mapambo alikuwa akiniruhusu nijikinge mlangoni kwake, na siku moja nikiwa hapo nikachungulia tangi la chini kabisa, lile lililokaribia sakafu.

Ndani yake alikuwamo samaki mdogo, rangi yake kama maziwa yaliyodondoshewa chai, mkia umepinda kama mwezi mwandamo na ncha zake ndefu zina weupe wenye buluu. Nyuma ya jicho alikuwa na alama nyeusi, na pembeni yake doa la dhahabu. Karatasi iliyobandikwa kwenye kioo ilisema, kwa Kiingereza, kwamba huyo ni Binti Mfalme wa Burundi.

Niliisoma mara mbili. Mimi ni Mrundi. Nilizaliwa kusini ya Rumonge, nyumba ya tatu kutoka ziwani, na samaki yule nilimjua tangu sijaweza kuvaa kaptula mwenyewe. Tulikuwa tukimwona kwenye mawe tulipokwenda kuoga. Hakuna aliyemvua. Tulikula ndagala, tulikula mukeke, sangala ilikuwa ya wageni. Huyu hata jina hatukumpa; tulimwita wa mawe, basi.

Jioni nilipomsimulia mke wangu, alicheka mpaka akatafuta kiti.

"Yule wa mawe? Yule ambaye hata paka wa mama yangu alikuwa anampita?"

"Ndiye huyo. Hapa ni binti mfalme."

"Basi Mungu ni mkubwa. Na sisi labda iko duka mahali fulani wametuandika wafalme."

Siku nilipoisoma karatasi ile nilikuwa nimesoma kwa sauti, na mtu mmoja alinisikia. Alikuwa mzee wa Kihindi, mstaafu wa reli, ambaye kila Jumamosi alileta samaki dukani kwa ndoo. Kila mtu alimwita Anko, hata mwenye duka mwenye mvi. Aliweka ndoo chini akaniuliza kama ninamfahamu samaki huyo.

"Tumezaliwa pwani moja," nikamwambia.

Kumbe alikuwa amewafuga na kuwazalisha miaka thelathini bila kuliona ziwa lao, wala hajapata kukutana na mtu aliyeliona. Alianza kuniuliza maswali kama mtoto. Mawe yana ukubwa gani? Yanaanzia ukingoni au mbali? Wanakaa wawili wawili, au wengi? Nilimwambia wengi, mamia, kama wingu juu ya mawe, na kwamba ukitumbukiza mguu hawaendi mbali. Alifumba macho. Nilihisi nimempa kitu, na mimi ni mtu ambaye kwa miaka mingi katika nchi hii nilikuwa mpokeaji tu.

Ndivyo tulivyoanza. Jumamosi baada ya Jumamosi alinifundisha. Watu wa kazi hiyo huwaita sikilidi, nao ni ukoo mmoja na perege na sato. Maji ya bomba ya Durban ni laini mno kwao, kwa hiyo Anko aliweka makome yaliyopondwa ndani ya chujio ili yafanane na maji ya kwetu. Alinifundisha kubadilisha maji kidogo kidogo, kamwe si yote, na kutowalisha kupita kiasi. "Wengi wanaua samaki kwa ukarimu," alisema.

Mwanzoni mwa mwaka uliofuata aliniambia kwamba ngazi zimeishinda miguu yake, na mwisho wa Agosti atahamia Johannesburg kwa binti yake, kwenye fleti isiyo na nafasi ya hata gilasi moja ya samaki. Matangi yote alikuwa ameyauza isipokuwa moja. Wazee wa ukoo wa samaki aliowafuga miaka thelathini walikuwa wamekufa, na aliobaki nao ni wawili tu, dume na jike, vijana ambao hawajazaa bado.

"Chukua," akasema. "Tangi, meza yake, pampu, kila kitu. Ninaomba jambo moja tu, ndugu yangu. Nione watoto wao kabla sijaondoka. Nikiwaona wamezaa mikononi mwa mtu mwingine, nitajua ukoo wao hauishii kwangu."

Nilimwahidi. Mtu wa imani hapaswi kuahidi kilicho mikononi mwa Mungu, lakini niliahidi.

Tuliishi juu ya duka la matairi. Nyumba ilikuwa kuukuu, sakafu yake ya mbao. Duka lilifungwa saa kumi na moja, na baada ya hapo hapakuwa na jirani wa kulalamika. Kwa sababu hiyo chumba chetu ndicho kilichokuwa chumba cha maombi, nami ndiye niliyeyaongoza. Kila Jumatano walikuja ndugu na dada kama kumi na wanane, Warundi na Wakongo, wasusi wa nywele wa mjini, mafundi wa simu, walinzi kama mimi. Mtu aliyeinamia vichwa vya watu kutwa nzima anataka mahali pa kuinua chake. Waliimba, walipiga ngoma, walirukaruka mpaka vikombe vikatembea kabatini. Na mimi, kwa fahari yangu, nililiweka tangi hapo hapo sebuleni, ili kila aingiaye aone kazi ya Mungu kabla hajafungua kinywa.

Mwezi wa nne walitaga. Niliona kwa tochi: mayai ya rangi ya krimu ndani ya nusu ya chungu tuliyoilaza mchangani. Sijui nieleze vipi nilichokiona siku zile. Yule jike, asiyefika urefu wa kidole changu cha kati, alisimama mlangoni mwa chungu akipepea mapezi yake juu ya mayai bila kukoma. Niliondoka asubuhi anapepea, nikarudi jioni anapepea. Dume alizunguka nje, na nilipoingiza mkono kutoa jani lililooza, aliniuma. Samaki wa kidole aliyemshambulia mtu wa kilo themanini! Nilitoa mkono nikamwomba radhi.

Alhamisi asubuhi chungu kilikuwa kitupu.

"Wazazi wachanga," Anko akanituliza. "Wamewala wenyewe. Wameogopa kitu. Watajifunza."

Mwisho wa Mei wakataga tena, na mara hiyo pia sikukuta kitu. Nilipima maji, nikabadilisha chakula, nikaziba dirisha la upande wa barabara kwa kitambaa. Mwisho nikawaeleza watu wa Jumatano habari za Anko na ahadi yangu, na nilifunga siku moja. Wapendwa wale hawakunicheka. Mwanzoni mwa Julai mayai ya tatu yalipoonekana, walilizunguka tangi, wakanyoosha mikono, wakaliombea kwa ngoma na kwa miguu kama tunavyowaombea wagonjwa mahututi. Mama mmoja msusi, mpiga ngoma wetu, mwenye sauti ambayo ingesikika mpaka South Beach, baharini, alipiga siku ile mpaka ngozi ya ngoma ikalegea.

Asubuhi hapakuwa na yai hata moja.

Nilikaa mbele ya kioo bila chai. Mke wangu alikuja na kitambaa cha vyombo begani.

"Baba, leo ni siku gani?"

"Alhamisi."

"Na mara ya kwanza ilikuwa siku gani?"

Nikafikiri. "Alhamisi."

"Na ya pili?"

Aliweka kiganja chake juu ya kioo, akakanyaga sakafu mara moja kwa kisigino. Maji yalitetemeka. Jike alirukia nyuma ya chujio.

Kwa hiyo tulikuwa tumeyaua mayai kwa kuyaombea. Nimeomba maisha yangu yote, nimesomea kuomba, na sikuwahi kufikiri kwamba miguu ya anayeomba inaweza kumkanyaga anayeombewa.

Lakini sikuthubutu kuwaambia. Tangi lenye maji halihamishwi bila kuwavuruga samaki, na chumba cha pili kilikuwa chetu sisi wawili, hakina nafasi hata ya kiti. Wale watu hawakuwa na mahali pengine pa kuimba. Nani angewaambia watoto wa Mungu wanyamaze kwa ajili ya samaki? Mwezi mzima nililiweka jambo hilo moyoni. Mwanzoni mwa Agosti, siku ya Jumatatu, jike akataga tena, mara ya mwisho kabla ya Anko kuondoka. Jumatano ikafika. Mama msusi alikuwa amekwisha kuichukua ngoma magotini.

Mke wangu ndiye aliyesimama. Akasema yote, na kisigino, na Alhamisi tatu.

Mama msusi akanigeukia akapaza sauti: "Eish, papa mzee! Tangu lini samaki anaongoza ibada? Yule nabii alimezwa mzima mzima, na bado aliomba kwa sauti huko tumboni!"

Watu wakaangua kicheko. Fundi wa simu mmoja akasema, "Mama, yule alikuwa samaki mkubwa. Huyu ukimpigia ngoma anakula watoto wake."

"Anakula watoto wake?"

"Mara tatu," nikasema. "Ni hofu tu. Njoo uone."

Alikuja, bado na ngoma mkononi. Nilimshikia tochi. Aliinama, mwanamke yule mkubwa, akamtazama jike anapepea. Alitazama muda mrefu kuliko nilivyotarajia.

"Hapumziki?"

"Hapumziki."

"Hata kula?"

"Kidogo sana."

Akanyooka taratibu, akaiweka ngoma nje ya mlango, kwenye ngazi. Kisha akavua viatu. "Wiki ngapi?"

"Tatu, nne hivi."

"Sharp, sawa. Vueni viatu wote. Na wewe mwenye kikohozi, kaa karibu na jikoni."

Tuliketi chini juu ya mikeka, tukaomba kimoyomoyo. Jumatano ya kwanza ilikuwa ngumu. Watu walitazamana kama waliokutana hospitalini. Lakini Alhamisi mayai yalikuwapo. Ijumaa yalianguliwa, na baada ya wiki vifaranga wakainuka mchangani, wadogo kama kope za jicho, na wazazi wao juu yao.

Jumatano ya pili, katika kimya kile, nilisikia mtu analia. Alikuwa dada mmoja mpole anayeuza vifuniko vya simu mjini, ambaye kila wiki alikaa kona ile ile. Mke wangu akasogea akamshika mkono. Baadaye alitwambia kwamba amekuwa akilia kila Jumatano tangu alipofika Durban. Ngoma ilikuwa ikimfunika. Tulikaa naye miaka miwili chumba kimoja na hatukujua. Nikamshukuru Mungu kwa njia ambazo nisingezichagua mimi.

Anko alikuja Jumatano ya mwisho ya Agosti. Vijana wawili wa kwetu walimbeba ngazi nzima juu ya kiti cha plastiki, naye analalamika kwa Kiingereza kwamba yeye si gunia la mchele. Alipoona viatu vimepangwa mlangoni, akavua vyake bila kuambiwa. Mtu wa dini nyingine, lakini alijua chumba cha sala ni nini. Tukamsogeza mbele ya kioo. Alihesabu kwa midomo, akakosea, akaanza tena, akaacha.

"Wengi," akasema.

"Wengi, Anko."

"Kama wingu juu ya mawe?"

"Bado wingu dogo. Lakini ndiyo."

Aliegemeza paji la uso wake kwenye kioo, na hakuna aliyemharakisha. Wapendwa wangu kumi na wanane waliketi nyuma yake bila neno, na kwangu hiyo ndiyo ibada nzuri kuliko zote zilizofanyika katika chumba kile. Alipoondoka alinishika mikono yote miwili. Akasema, "Usiwatoe wakubwa, wadogo wakizaliwa. Utaona."

Sikuelewa. Nilielewa mwezi wa kumi, wazazi walipotaga tena na vifaranga wa kwanza, sasa wenye urefu wa pingili ya kidole, hawakufukuzwa. Walibaki. Walijipanga mlangoni mwa chungu, wakipepea, wakimfukuza konokono mdogo aliyekaribia mayai ya wadogo zao. Hakuna aliyewafundisha. Anko alikuwa amelijua hilo miaka thelathini, akaniachia nilione mwenyewe.

Ngoma ilirudi Jumatano moja ya mwezi huo, mayai yakiwa bado chunguni. Watu walikuwa wamevumilia vya kutosha. Mama msusi aliipiga kwa vidole tu, akinitazama mimi badala ya waimbaji. Nilisimama kando ya tangi na tochi. Dume alikimbilia nyuma ya chujio, na jike akamfuata. Wale wadogo waliyumba mara moja, wakarudi mlangoni mwa chungu wakakaa pale.

Nikamwinulia mama msusi mkono, kwamba aendelee. Kesho yake niliyakuta mayai yapo, nikampigia simu Anko Johannesburg kabla sijanywa chai.