Niligundua urefu kwenye ukuta wa bani la tumbaku, nikaambiwa nimechelewa karne moja

Wakuu, poleni na mihangaiko.

Mimi humu ni mpita njia, nasoma nyuzi zenu na kuondoka kimya kimya. Leo naleta ya kwangu. Sijatia chumvi, maana ningetia ningejipendelea kidogo, na mtaona wenyewe kwamba sijajipendelea.

Uzi una physics ndani. Msikimbie. Aliyewahi kununua mchele kwa kilo na kitambaa kwa mita ataelewa kila kitu.

Nilisoma PCM, yaani physics, chemistry na hesabu, hapa Mpanda. Nyumbani ni Inyonga, baba analima tumbaku na ana mizinga yake ya nyuki porini. Mwalimu wetu wa physics tulimwita Vekta, kwa sababu alitembea kwa kasi na siku zote alikuwa na mwelekeo mmoja, darasani.

Form five tulianza na dimensions. Yaani kila unachopima kwenye mechanics kinavunjwa mpaka kubaki vitu vitatu: mass, urefu na muda. M, L, T. Speed ni L kugawanya kwa T, basi.

Vekta akasema huwezi kujumlisha kilo tatu na saa mbili, na equation inayofanya hivyo ni ya uongo hata kama imechapwa kwenye kitabu chenye jalada gumu. Halafu akatoa formula ya pendulum ubaoni, bila pendulum, bila kupima chochote. Alilinganisha herufi pande mbili tu, ikatoka. Kasoro yake ilikuwa namba ya mbele, ile 2π, akasema njia hii haiwezi kuitoa.

Wenzangu waliandika notes. Mimi nilibaki nimeduwaa.

Likizo ikafika, nikarudi Inyonga, nikapewa kazi ya bani. Kwa wasiojua, bani ni kile kijumba kirefu cha matofali cha kukaushia tumbaku. Unachochea magogo, unaangalia joto lisipande ghafla wala lisishuke. Kazi yenyewe ni kukaa tu. Mchana kutwa mimi, moto, vipande vya mkaa, na ukuta mpana mbele yangu.

Nikaanza kuwaza. Mita iliamuliwa na watu. Sekunde iliamuliwa na watu. Lakini kuna namba ambazo hazikumwomba mtu ruhusa, ziko vilevile Inyonga na mwezini. G ya gravitation. c, speed ya mwanga. Na h, ile tunayokutana nayo kwenye photoelectric effect, ambayo nilikuwa nimeiona mbele ya kitabu kabla hatujaifikia.

Nikajiuliza, nikizichanganya hizi tatu, zinaweza kunipa urefu mtupu? Urefu ambao hakuna binadamu aliyeupanga?

Nikaandika kwa mkaa. c ni LT⁻¹. G ni M⁻¹L³T⁻². h ni ML²T⁻¹.

Zidisha G na h, M zinakufa. Zinabaki L⁵T⁻³. Gawanya kwa c mara tatu, T nazo zinakufa. Inabaki L². Tafuta kipeuo cha pili.

L.

Wakuu, nilisimama. Nikaingiza namba kwenye calculator, ikaja kama 4 mara kumi kwa power ya negative 35, mita. Kitu kidogo mno, ukikiweka karibu na proton, proton ni nchi nzima na zaidi. Moto wa bani karibu unizimikie.

Nilikimbia kumwita baba. Baba hajui G wala h, lakini alisimama mbele ya ule ukuta akiwa amevua kofia.

"Hiki umekitoa wapi?"

"Nimekigundua, baba."

Kuanzia siku hiyo akachukua zamu yangu ya bani ili mimi nisome. Akawatangazia majirani. Jumapili baada ya misa watu walikuwa wananipa mkono kama nimepata upadri. Niseme ukweli, nilifurahi, na niliamini. Nilishajiona mbali sana.

(Simu yenye internet nyumbani haikuwepo. Msinicheke kwa hilo.)

Shule ikafunguliwa. Nikamwonyesha Vekta mbele ya darasa, nikasimulia habari ya bani, nikaandika yote ubaoni mpaka L ya mwisho. Vekta akakaa kwenye dawati la mbele. Akaanza kucheka. Alicheka mpaka akafuta macho.

Halafu akasema, "Kijana wetu kachelewa kidogo tu. Kama karne moja hivi na kitu. Kuna mzungu kashaipata hii. Mpigieni makofi ya kilo!"

Mnayajua makofi ya kilo. Kilo moja, pa pa pa. Kilo mbili. Darasa zima lilipiga huku limelalia madawati kwa kicheko.

Jina likaanzia pale: Mchelewaji. Bwenini Mchelewaji, kwenye foleni ya ugali Mchelewaji. Utani wa shule, mtasema. Kweli, ulikuwa utani. Mimi ulinikata.

Nilivyorudi nyumbani baba akaniuliza mlangoni kabla sijatua begi. "Wamesemaje?"

"Wamesema kipo tayari. Wazungu walishakipata."

"Sasa si vizuri? Kama na wao wamekiona, basi kipo kweli."

Nilimwona mshamba. Nikaingia ndani na begi langu. Na mpaka leo sijui aliwaeleza nini wale majirani.

Sikuacha shule. Ningeacha labda ingekuwa na heshima yake. Nilibaki nimekaa darasani kama gunia. Niliapa sitanyoosha tena mkono kwenye physics, na nikatimiza. Form six nikapata S ya physics, ile ya mwisho kabla ya F. Mtu aliyepata ule urefu peke yake kwenye bani, S. Chuo nilichokitaka kikaota mbawa.

Sasa hivi nanunua asali Inyonga, nachuja, nauza Mpanda mjini. Silalamiki, asali inanilisha.

Juzi kati nilikuwa Kawajense, hapa hapa Mpanda, kupeleka mzigo kwa mteja. Nikasikia, "Wewe! Mzee wa Bani!" Nageuka, Vekta. Amestaafu, anatembea polepole siku hizi.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba. Hivi mwanangu, kwa nini hukuja ile jioni?"

"Jioni gani?"

"Siku ile umeandika ubaoni. Nilikaa ofisini nakusubiri. Nikajua huyu lazima aje kubisha, aniulize ule urefu maana yake nini, na ile namba ya mbele tutaipataje. Nikachukua na kitabu library, nikakiweka mezani."

Nikamwambia, "Mwalimu, ulinicheka."

"Nilicheka? Mimi nililia, wewe mtoto. Nimefundisha mpaka nimestaafu, nyie wote mlikuwa mnakopi ubaoni. Aliyeniletea kitu ambacho sikukifundisha ni wewe tu. Nikasema wakupigie makofi."

Nilikuwa nimeyaona macho yake yakifutwa, nikachagua maana mwenyewe.

"Na sasa uko chuo gani, unafundisha?"

"Nauza asali, mwalimu."

"Aa," akasema. Akaninunulia chupa moja, akakataa kupunguziwa. "Asali nayo nzuri."

Hiyo "asali nayo nzuri" bado iko kifuani, wakuu.

Wiki iliyopita nilienda Inyonga kufuata mzigo, nikapita kwenye bani. Baba aliacha tumbaku, paa limeanguka, mvua imeosha ukuta. Nilimkuta baba anapiga mzinga moshi. Nikamwambia maneno ya Vekta. Akasema, "Si nilikwambia kipo kweli," akaendelea na nyuki wake.

Nilichojifunza: kuambiwa kitu kimeshapatikana si kuambiwa hujakipata. Nilipaswa kwenda ile jioni. Basi.

Kama humu kuna mdogo wangu wa form five, chukua G, h na c, tafuta muda. Si urefu, muda. Usigoogle. Weka hesabu yako hapa chini, na kama umekwama weka ulipokwamia.

Imeshapatikana, nakwambia mapema. Ipate tu. Na wakuu wengine, akiiweka, mpigieni makofi ya kilo, halafu mwambieni kwa maandishi kwamba hamumcheki.