Taa ya filta ya friji ilivyowaka nyekundu wakati bibi ndiyo kwanza anaanza kunywa maji

Wakuu, shikamooni wakubwa. Wenzangu wa rika langu, mambo.

Naandika nikiwa sebuleni kwa shangazi, hapa Gongoni, Tabora. Nawaahidi ukweli mtupu. Kwanza sina kipaji cha kutunga. Pili, shangazi naye ni mwanachama humu, na nikizidisha chumvi ataniumbua palepale kwenye maoni.

Mada ni filta ya maji ya friji. Najua kuna mtu keshacheka. Cheka, lakini usiondoke.

Mimi nimemaliza chuo, nasubiri ajira, na nina ugonjwa mmoja: nawaza kupita kiasi. Nikiambiwa "tutakupigia," nashinda nikiichambua ile sauti. Alisema kwa huruma? Alisema kama anayemfukuza mtu? Mpaka jioni nimeshachoka na wala sijafanya lolote.

Kwa kuwa ndiye ninayeshinda nyumbani, shangazi alinikabidhi mambo mawili. Friji, na bibi.

Nianze na friji.

Shangazi ana duka la vyombo mjini. Jirani yake wa dukani ilikuwa familia ya Kihindi yenye duka la vitambaa. Walipohamia Dar kwa watoto wao, walimuuzia friji lao, lile kubwa la milango miwili, lenye kibomba mlangoni. Unaweka glasi, unabonyeza, maji ya baridi yanashuka. Fundi alivuta mpira kutoka tenki la juu ya nyumba, maji yanaingia yenyewe, yanapita kwenye filta, unakunywa.

Mama wa familia ile alimkabidhi shangazi na filta moja ya akiba, ikiwa kwenye boksi lake. Akamwambia, "Dada, hii hapa Tabora hupati. Tunza."

Kitabu cha maelekezo hakikuonekana. Tulipewa filta na neno moja: tunza.

Sasa bibi.

Bibi ni mama yake shangazi, ndiye aliyemzaa baba yangu. Ni mtu wa Kwihara, kijiji cha nje kidogo ya mji. Kiangazi kilichopita alianguka uani kwake. Hospitali wakasema mwili umekauka, hanywi maji. Walimtundikia dripu, na daktari akatuambia neno zito: mzee huyu akiendelea hivi, mara nyingine figo hazitasubiri. Ndipo shangazi akamhamishia hapa Gongoni, kwenye friji.

Bibi akayakataa maji ya friji.

"Haya maji hayana kitu ndani," alisema. "Ni kama kunywa upepo."

Nikawa nambembeleza. Kwa wasiojua, huku kwetu bibi na mjukuu ni watani, yeye ananiita mume wake. Basi namwambia, "Mke wangu, kunywa basi, utaniacha mgane." Ananijibu, "Kwa mahari ipi? Mume hana kazi, na maji yake hayana ladha." Anapiga funda mbili, anasukuma kikombe.

Hali ikaenda hivyo. Kila nikimwona amesinzia kitini, naenda kumwangalia midomo kama imekauka. Wakuu, msinicheke. Mimi ndiye niliyemkuta siku ile uani kwake, nilipokwenda kumsalimia.

Halafu siku moja, bila sababu niliyoiona, bibi akaanza kunywa.

Hakunywa kwa kubembelezwa. Aliomba mwenyewe. Asubuhi najaza jagi lake la stili, lenye kifuniko, namwekea mezani, na kabla ya adhuhuri ananiita nimjazie jingine. "Sasa haya ndiyo maji," anasema, anajifuta mdomo kwa upande wa khanga.

Nilifurahi mpaka nikampigia baba simu.

Wiki hiyohiyo taa ya friji ikawaka nyekundu. Juu yake kuna kialama cha tone la maji, na hata bila kitabu nilielewa: badilisha filta.

Hapo ndipo kichwa changu kilipoanza kazi.

Nikiibadilisha mapema, nimetumia filta pekee tuliyo nayo. Nikichelewa, bibi anakunywa uchafu kwa jagi zima. Kingine kilichonitia hofu zaidi: bibi ameyapenda maji kipindi hikihiki filta inapokufa. Je, kama anachokipenda ni hiyo ladha ya filta iliyokufa? Nikiweka mpya atarudi kwenye funda mbili?

Nikamuuliza shangazi. Alikuwa anavaa viatu aende dukani.

"Maji yanatoka?"

"Yanatoka, ila polepole siku hizi."

"Si yanatoka? Taa hiyo ni ya kuwatisha watu kama wewe."

Nikampigia fundi aliyevuta mpira. Akasema, "Badilisha, kiongozi." Nikamuuliza nitajuaje kama imekufa kweli. Akasema, "Basi usibadilishe." Akakata.

Nikaingia mtandaoni. Wengine wanasema fuata taa. Wengine wanasema taa haionji maji, inahesabu muda tu tangu ilipozimwa mara ya mwisho. Wengine wanasema angalia kasi, maji yakianza kushuka kivivu ujue filta imejaa. Na karibu wote wanasema: onja. Ukisikia harufu au ladha ngeni, usisubiri.

Nikaenda mezani, nikamimina kwenye kikombe kutoka jagi la bibi, nikaonja.

Wakuu, kulikuwa na harufu.

Haikuwa kali. Ni kama moshi wa mbali, kama kitu kilichoungua kikazimwa. Nikaonja tena. Ipo. Nikakaa chini.

Nikaandika mtandaoni "maji ya friji yananuka moshi." Sitawaeleza nilichokisoma. Mtu wa aina yangu hatakiwi kuachiwa kisanduku cha kutafutia majibu. Nilipoinuka pale nilikuwa na hakika kwamba ndani ya ile filta kuna kitu kinaoza, waya fulani unaungua, na bibi anavinywa vyote viwili.

Nikapiga marufuku maji ya friji nyumba nzima. Nikabeba katoni ya maji ya chupa kutoka duka la mtaani.

Mnadhani nilibadilisha filta siku hiyo? Sikubadilisha. Nilikuwa bado nawaza. Kama kuna waya unaungua, nikiweka filta ya akiba nayo si itaharibika? Na hiyo ndiyo pekee. Tunza.

Bibi akaitazama ile chupa kama mtu aliyeletewa barua ya mtu mwingine.

"Haya ni maji ya abiria," alisema. "Mimi nasafiri kwenda wapi?"

"Mke wangu, ni ya muda tu. Ya friji yana kasoro."

"Kasoro gani? Jana nimekunywa, nikalala vizuri."

"Yananuka."

"Yananuka nini?"

"Moshi."

Akacheka, akageukia tasbihi yake. Mimi nikaona anaidharau hatari, kama kawaida ya wazee.

Akarudi kwenye funda mbili. Kesho yake vilevile. Keshokutwa wakati wa kwenda kutawadha akashika ukuta, akasimama. Nikamuuliza, akasema ni kizunguzungu kidogo, kitapita.

Shangazi aliyaona hayo kwa macho yake. Hakupiga kelele, na afadhali angepiga.

"Sikiliza, msomi wangu. Weka filta mpya, au acha ya zamani, au chota kisimani, sijali. Mama yangu anywe maji leo. Ukimaliza kuwaza utakuta hatuna mtu wa kumnywesha."

Akaenda dukani.

Wakuu, ilinichoma, lakini ilinifungua. Mimi nilikuwa natafuta jibu lisilo na hatari yoyote, kumbe kutoamua nako kulikuwa na hatari yake, na ilikuwa imeshika ukuta pale mlangoni pa choo.

Nikafungua boksi.

Kwa asiyewahi, kazi yenyewe haina ukubwa. Yetu iko ndani, pembeni juu, nyuma ya kifuniko. Unafunga maji, unaizungusha filta ya zamani kidogo, inachomoka na matone kadhaa, unaingiza mpya, unazungusha mpaka ikamate. Nilijiandaa kama daktari wa upasuaji. Taulo, beseni, simu ikiwa na namba ya fundi tayari.

Bibi alipita, akaona milango yote miwili iko wazi.

"Umeamua kumng'oa moyo?"

"Namwekea mwingine, mke wangu."

"Haya, fanya haraka. Mimi nikatayarishe jagi." Akalichukua jagi lake, akaelekea uani.

Filta mpya ilipokamata nikafungua maji, nikabonyeza kibomba. Kikakohoa, kikatema upepo, halafu yakaja maji yenye vumbi jeusi.

Nikajua nimeua friji la shangazi. Baadaye nilisoma kwamba ni kawaida, ni unga wa mkaa uliomo ndani ya filta mpya, unatakiwa umwage maji ya kwanza kwanza mpaka yatakate. Nilimwaga beseni zima, tukamwagilia mchicha.

Yakatakata. Na yalikuwa yanashuka kwa nguvu! Glasi iliyokuwa inajaa huku unapiga stori, sasa ukizubaa inamwagika. Maana yake ile ya zamani ilikuwa imejaa kweli. Nikabonyeza kitufe cha taa, nikakishikilia, wekundu ukazimika. Nikaonja kwenye glasi. Hakuna moshi wala harufu yoyote. Wakuu, nilitaka kumpigia simu kila mtu.

Bibi akarudi na jagi, amelifunika. Akanipa. "Haya, nijazie. Fanya upesi, usiliache wazi."

Nikajaza, nikafunika, nikambebea mpaka kitini. Nikamimina kwenye kikombe, nikasema nionje kwanza, nimtoe wasiwasi.

Harufu ileile. Tena safari hii kali zaidi.

"Bibi, bado!" Sauti ilinitoka kama ya mtoto. "Filta mpya na bado yananuka! Hii filta ni feki!"

"Bado nini?"

"Moshi!"

"Sasa moshi utakosekanaje, na mimi nimetoka kulifukiza jagi sasa hivi?"

Nikakinusa kikombe tena.

Kumbe, wakuu, harufu ile ilikuwa ubani.

Nieleze kwa wasioijua. Wazee wetu wa huku, hasa wa Kwihara, hawanywi maji makavu. Mtu anaweka kaa la moto kwenye chetezo, anatupia ubani, anakifunika chombo kitupu kifudifudi juu ya moshi mpaka kishibe. Kisha anakigeuza, anatia maji harakaharaka, anafunika. Maji yanabeba harufu. Kwa bibi maji ya mgeni na ya mgonjwa yote hufukizwa, na yasiyofukizwa ni ya kuogea.

Ubani wake uliisha akiwa Kwihara, kabla hajaanguka, na alipohamia hapa hakuwa nao. Halafu shoga yake, Bi Mwanne, akaja kumjulia hali na kifurushi. Ile ndiyo siku bibi alipoanza kunywa. Shangazi alishampiga marufuku kuwasha chetezo hapa kwake tangu zamani alipokuja kutembea akaunguza pazia, kwa hiyo alikuwa anatoka uani kwa siri baada ya sala ya alfajiri, analifukiza jagi, analifunika, analirudisha mezani. Mimi nikiamka, jua limeshapanda, nalichukua na kulijaza bila kujua.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nikwambie nini? Nilidhani unajua. Mjukuu mzima wa Kwihara anauliza jagi lina nini?" Akaanza kucheka, mabega yanatikisika. "Kwa hiyo siku zile zote ulizoninywesha maji ya abiria, ulikuwa unaukimbia ubani wangu?"

"Uliposikia nasema moshi, ulicheka!"

"Nilijua shangazi yako kaninusa, amekutuma unipeleleze. Nikanyamaza, nikaacha na kulifukiza jagi. Leo kiu imenishinda."

Yaani mimi namnyima maji ya friji, yeye ananificha chetezo, na huku anakaribia kuanguka kwa kiu.

Akanyoosha mkono, akachukua kikombe changu, akanywa chote. Akaomba kingine. Cha pili akakinywa taratibu, akakishusha, akalitazama jagi kama anayepima kitambaa.

"Hii filta yako mpya," akasema, "imenipendeza. Maji yakiwa matupu hivi, ubani unakaa vizuri. Yale ya wiki iliyopita yalikuwa yanapigana nao."

Shangazi aliporudi alimkuta bibi amemaliza jagi, ananiita nijaze la pili. Akauliza nani kashinda, mimi au taa. Bibi akamjibu, "Yeye ngoja awaze. Wewe piga simu Dar, uagize filta nyingine ije na basi. Hii ikichoka sitaki kusubiri."

Na kuhusu chetezo wameelewana: uani ruhusa, saa yoyote.

Niliyojifunza, wakuu, ni haya. Taa ya friji inahesabu, haionji. Inafaa kukukumbusha tu. Kasi ya maji yetu ilikuwa inasema ukweli wiki nyingi kabla, na mimi sikuisikiliza. Ukitaka kuonja, onja kwenye glasi safi moja kwa moja kutoka kibomba, usionje kwenye chombo cha mtu. Filta ya akiba ni ya kutumiwa. Na kabla hujampigia marufuku mzee kitu anachokipenda, kaa naye umuulize kwa nini anakipenda. Mimi niliuliza mtandao mzima, sikumuuliza mtu aliyekuwa anakunywa.

Sasa semeni ninyi wenye mafriji haya, hasa mlio mikoani ambako filta mpaka iagizwe: mnabadilisha kwa taa, kwa kasi, au kwa ulimi? Na kuna mtu mwingine humu ambaye kwao jagi linafukizwa, au nimebaki na bibi yangu peke yetu?

Karibuni. Nitajibu kidogo kidogo, naitwa nikajaze jagi.